Sura ya Saba: Miguu ya Kaa

Neno saratani, ambalo hospitalini hutamkwa kwa sauti ya chini kana kwamba kulitaja kwa nguvu ni kuyaita maradhi yenyewe, asili yake ni jina la kiumbe anayejulikana na kila mtoto aliyekulia pwani, yaani kaa. Na wanajimu wetu wa zamani, waliozihesabu buruji kumi na mbili za mbinguni, waliijua Saratani ya juu kabla ya watu kuizoea hii ya mwilini. Waarabu walilifasiri jina hilo kutoka kwa Wayunani, na miongoni mwa matabibu wa Kiyunani ni Galeno wa Pergamo, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Masihi, aliyeieleza sababu ya kufananisha: kwamba uvimbe wa titi la mwanamke aghalabu huzungukwa na vena zilizojaa damu, zikitambaa huku na huku mfano wa miguu ya kaa inavyochomoza katika gamba lake. Basi mishipa ya damu imo ndani ya jina la maradhi haya tangu mwanzo, nasi tunalitamka kila siku bila ya kuisikia. Walakini ilipita miaka elfu moja na mia nane kabla ya mtu kuthibitisha kwamba miguu ile si pambo la maradhi wala athari yake tu, bali ni njia ambayo kwayo maradhi hujipatia riziki.

Katika sura hii nitaieleza habari hiyo kwa saratani moja adimu inayoanza katika ngozi, na sikuichagua kwa bahati. Saratani ya ini au ya kongosho hufanya kazi zake gizani, na tabibu huifikia imekwisha kuwa kubwa. Bali hii hukua mbele ya macho ya mwenye nayo, hatua baada ya hatua, kwa miaka mingi, hata anayetaka kujua ni lini mishipa ilikuja, kabla ya uvimbe au baada yake, hana mahali bora pa kutazama kuliko hapa.

Aliyeiandika kwanza ni Jean-Louis Alibert, tabibu wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, ambayo mfalme Henri wa Nne aliamuru ijengwe mwaka 1607 nje ya kuta za mji ili wagonjwa wa tauni watengwe huko, na ambayo baadaye ikawa makao ya elimu ya ngozi kwa Ulaya nzima. Mwaka 1806 Alibert alieleza hali ya mtu mmoja ambaye mwili wake ulikuwa umeota vivimbe vilivyofanana na uyoga, na kwa kuwa hakuwa na kipimo ila jicho lake, alidhani ya kwamba maradhi yale ni jamaa ya buba, akayapa jina la buba ya uyoga. Kisha mwaka 1832 akalibadili, akayaita mikosisi fungoide, jina linaloutaja uyoga mara mbili, mara kwa Kiyunani na mara kwa Kilatini. Si buba, wala si uyoga, wala hakuna kuvu yoyote ndani yake. Lakini jina lilikwisha kushika, na hata leo mgonjwa anayelisikia hudhani atapewa dawa ya choa. Mfaransa mwingine, Ernest Bazin, ndiye aliyeupanga mwendo wake mwaka 1870 katika daraja tatu ambazo hazijatenguliwa: kwanza mabaka bapa, yasiyo na kimo, yanayowasha au yasiyowasha, halafu mabamba yaliyoinuka, ambayo kidole kikipita juu yake huhisi ukingo, mwisho vivimbe, ambavyo huweza kuchimbika na kuwa vidonda. Naye Albert Sézary, mwaka 1938, alieleza sura nyingine iliyo kali zaidi, ambayo ngozi yote huwaka, na seli zisizo za kawaida huonekana zikiogelea katika damu.

Seli hizo ni limfosaiti za aina ya T, yaani wale walinzi wa mwili ambao kazi yao ni kuzunguka katika damu na kutua ngozini wakimtafuta adui. Katika maradhi haya mlinzi mmoja huasi, huzaa mfano wake, na wazao wake hukataa kurudi kambini. Na kwa sababu hao kwa tabia yao hupenda ngozi, hukaa humo humo. Kwa muda mrefu sana hawafanyi dhara kubwa. Mtu mwenye mabaka machache, yaliyochukua chini ya sehemu moja katika kumi ya ngozi yake, hutazamiwa kuishi umri sawa na wenziwe wasiougua; lakini kati ya wale wanaogunduliwa mapema wamo wachache ambao maradhi yao, baada ya kulala miaka kumi, huamka, yakashuka ndani ya ngozi, yakaota vivimbe, yakaingia tezi za limfu, na hapo hesabu ya miaka hubadilika. Nani atakuwa katika wale wengi na nani katika hawa wachache? Swali hilo ndilo lililowapeleka watafiti kwenye mishipa.

Sharti hapa nisimame kidogo nieleze ujenzi wa ngozi, maana bila ya huo mengine hayatafahamika. Tabaka la juu, lile tunaloliona na kuligusa, halina mshipa wa damu hata mmoja. Ukijikwaruza kidogo bila ya kutoka damu, basi hujalivuka. Chakula chake hupanda kutoka tabaka la chini kwa kupenya tu, jinsi maji yanavyopanda katika ukuta wa udongo wakati wa masika, kwa sababu chini yake kuna vitanzi vingi vya mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Sasa limfosaiti zilizoasi, katika daraja ya mabaka, hupanda na kukaa katika tabaka hilo lisilo na mishipa, zikijipanga safu kwenye sakafu yake na pengine zikikusanyika katika viota vidogo, ambavyo vitabu huviita viota vya Pautrier, ingawa aliyeviona kwanza ni Darier. Kwani katika elimu ya ngozi, kama katika mambo mengi ya dunia, jina halimfuati kila mara aliyefanya kazi. Zikiwa huko juu hazihitaji mishipa yao wenyewe: zinakula mezani pa jirani. Zinapopoteza ile hamu ya kupanda, zikabaki chini, zikaongezeka, zikarundikana unene wa kidole, hapo jirani hatoshi tena.

Kwa nini hatoshi? Jibu lake lilianzia mahali pasipo na uhusiano wowote na ngozi. Mwaka 1960 kijana mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliitwa kutumikia jeshi la maji la Marekani, akapelekwa Bethesda, Maryland, na huko akapewa kazi ya kutafuta kitu cha kushika mahali pa damu kwa ajili ya meli za vita zinazokaa baharini miezi mingi. Yeye na mwenziwe Frederick Becker walitwaa tezi ya shingo ya sungura, wakaiweka ndani ya chombo cha kioo, wakawa wanapitisha maji yenye hemoglobini katika mishipa yake, nayo ikaendelea kuishi. Ili wajaribu uwezo wake, wakaipandikiza seli za saratani. Seli zilikua zikawa punje ndogo, kadiri ya milimita moja, kisha zikasimama. Wangeweza kusema kwamba zimekufa, wakaliacha jambo hilo lipite. Lakini walizitoa wakazirudisha katika panya, na ndani ya panya zikakua zikawa vivimbe vya kutisha. Basi hazikuwa zimekufa, bali zilikuwa zinangoja. Na tofauti waliyoiona baina ya panya na kioo ilikuwa moja, kwamba katika panya mishipa mipya iliota ikaziendea, na katika kioo haikuota.

Folkman alilibeba wazo hilo kwa miaka kumi hata akalitangaza mwaka 1971 katika jarida la matabibu la New England: ya kwamba uvimbe hauwezi kupita milimita moja au mbili bila ya kupata mishipa mipya, kwani seli iliyo mbali na mshipa hukosa hewa safi, ya kwamba uvimbe wenyewe hutoa kitu kinachoiita mishipa hiyo, na ya kwamba atakayekizuia kitu hicho ataufisha uvimbe kwa njaa. Hakusadikiwa. Wanapatholojia wengi walimjibu kwamba mishipa ile haikuitwa na mtu, ni moto wa uchochezi tu, kama ule unaozunguka jipu au kidonda chochote. Nadhani sababu moja ya kutofahamiana kwao ni kwamba mpasuaji huuona uvimbe ungali hai, ukivuja damu mikononi mwake, na mwanapatholojia huuona umekwisha kutolewa, umeoshwa, umekuwa mweupe ndani ya chupa. Wote wawili wanasema kweli juu ya vitu viwili mbalimbali.

Ushahidi aliutafuta katika jicho la sungura. Kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa, kwa hiyo mshipa wowote utakaoonekana humo ni mpya, haiwezekani kudai kwamba ulikuwapo. Na uvimbe ulioachwa ukielea katika maji ya jicho, mbali na mishipa, ulibaki mdogo, lakini uliowekwa karibu na mboni yenye mishipa uliota kwa kasi. Msomaji ataona sasa kwa nini nilisisitiza kwamba tabaka la juu la ngozi halina mishipa: ngozi na kioo cha jicho ni mashahidi wa namna moja.

Kile kitu kinachoita mishipa kilipatikana, nacho kilikuwa protini. Mwaka 1983 Harold Dvorak na wenziwe, huko huko Boston, walitoa katika vivimbe vya wanyama protini inayofanya mishipa ivuje. Na mwaka 1989 Napoleone Ferrara, Mtaliani aliyekuwa akifanya kazi California, alitenga protini inayofanya mishipa iote. Kisha ikabainika kwamba ni protini moja, nayo leo huandikwa kwa herufi VEGF. Kwa hakika hiyo ni hekima ya ajabu ya maumbile, kwani ukitaka kujenga njia mpya ni lazima kwanza ubomoe kidogo ukuta wa ile ya zamani. Na katika saratani yetu ya ngozi, wachunguzi wa Copenhagen walionyesha mwaka 2006 kwamba limfosaiti zilizoasi zenyewe huitengeneza protini hiyo, hazingoji kupewa na seli nyingine.

Sasa tufike kwenye kuhesabu. Mwaka 1991 Noel Weidner, akishirikiana na Folkman, alitwaa vipande vya saratani ya titi kutoka kwa wanawake 49, akavipaka kingamwili inayoshika kuta za mishipa peke yake, ikazipa rangi, akavitazama kwa hadubini na kuihesabu mishipa mmoja mmoja. Akaona kwamba palipokuwa na mishipa mingi zaidi, ndipo palipokuwa na saratani iliyokwisha kusambaa. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza: tazama kwanza kwa lenzi ndogo, tafuta mahali penye mishipa iliyosongamana kuliko pengine pote, kisha kaza lenzi, uhesabu hapo. Haukupita muda mrefu kila maabara ikawa inahesabu, kila saratani ikawa na hesabu yake, na ya ngozi haikusahauliwa. Mwaka 1997 Angelo Vacca na wenziwe wa Bari, kusini mwa Italia, walieleza kwamba maradhi haya yanapoendelea, mishipa huongezeka, na pamoja nayo huongezeka vimeng'enya viwili, MMP-2 na MMP-9, ambavyo kazi yake ni kuyeyusha nyuzi za ngozi, kama fundi anayekata mikoko ili mkondo upite. Wengine waliwafuata, wakatazama mishipa ya limfu na protini inayoiita hiyo, VEGF-C, maana tezi za limfu ndizo kituo kinachofuata cha msafiri huyu akitoka ngozini.

Mpaka hapa habari ni nzuri, na mwandishi wa haraka angeifunga. Lakini mimi nimeona ya kwamba kila ninaposoma tasnifu za namna hii, swali lile lile hunirudia: mishipa hiyo ni shahidi wa nini? Mbele ya kadhi, anayesema alimwona mwizi akitoka na mali si sawa na anayesema alimwona mtu akinunua ngazi siku mbili kabla; wa kwanza anathibitisha lililokwisha kutendeka, na wa pili, akisadikiwa, angeliweza kulizuia. Kuhesabu mishipa katika kivimbe na kuikuta mingi kuliko katika baka ni ushahidi wa namna ya kwanza. Kivimbe kinaonekana kwa macho. Mgonjwa mwenyewe anajua kwamba kimeota. Haikuhitajika hadubini kumwambia. Alama itakayofaa ni ile itakayochukua mabaka mawili yaliyo sawa kwa rangi, kwa upana na kwa umri, ikasema hili litalala na lile litaamka. Na hesabu ya mishipa bado haijapata nguvu ya kulisema hilo kwa mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya tabibu.

Zipo sababu, na moja yao ni ya mikono ya watu. Mahali penye msongamano hupachagua jicho, na macho mawili hayachagui pamoja. Kingamwili nazo hazikubaliani: ile inayoshika CD31 na ile inayoshika CD34 hazitoi hesabu moja, na hii ya pili hushika pia seli nyingine za tabaka la chini la ngozi ambazo si mishipa, hata mhesabuji asiye mwangalifu akahesabu nyasi pamoja na mpunga. Sababu ya pili ndiyo nzito, nayo ni lile pingamizi alilopewa Folkman zamani. Katika ini au titi, kusema kwamba mishipa mipya ni uchochezi tu kulikuwa ni kosa. Katika ngozi ni nusu ya kweli. Soriasisi, ambayo si saratani hata kidogo, hujaa VEGF na vitanzi vya mishipa vilivyopinda, hata gamba lake likibanduliwa hutoka vitone vya damu. Na saratani yetu, katika daraja ya mabaka, hufanana mno na ukurutu, si kwa sura tu bali hata chini ya hadubini, kiasi kwamba wagonjwa wengi huzunguka miaka kadhaa wakipakwa marhamu kabla ya ugonjwa wao kupewa jina. Basi anayehesabu mishipa katika baka la mwanzo anahesabu mali ya wawili waliochanganya mifuko, uchochezi na saratani, wala hana mizani ya kuwagawanyia.

Na hapa kwetu kuna jambo jingine, ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa sentensi moja. Wekundu wa baka, ambao Bazin na wenziwe waliuandika kama alama ya kwanza, si kitu ila damu inayoonekana ndani ya mishipa iliyotanuka. Na katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, au huonekana kama zambarau au kijivu, na mara nyingi baka huwa jeupe kuliko ngozi iliyolizunguka, hasa kwa vijana. Mtu mwenye baka jeupe huambiwa ana mbalanga, au fangasi, au, kwa hofu ya siku nyingi, ukoma. Kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992 penye hospitali ya KCMC kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, kutofautisha mabaka meupe ni sehemu ya kazi ya kila siku: baka la ukoma aghalabu hupoteza hisi, na hili la saratani halipotezi, kwa hiyo unyoya wa kuku au pamba iliyosokotwa huweza kuanza kusema kabla ya hadubini. Kisha hukatwa kinyama, kikapelekwa maabara. Nisemayo si kwamba mishipa haipo katika ngozi nyeusi, hasha, ipo vile vile. Ni kwamba shahidi yule yule, akivaa kanzu nyingine, hupita mlangoni bila ya kutambuliwa.

Juu ya dawa nitasema machache. Utabiri wa Folkman ulitimia kwa namna yake mwezi wa Februari 2004, Marekani ilipoidhinisha kingamwili inayoifunga VEGF, bevacizumab, kwa saratani ya utumbo mpana. Iliongeza miezi, si miaka, na katika saratani ya limfosaiti za ngozi haikupata makao. Njia nyingine iliingia kwa mlango wa nyuma. Talidomide, dawa iliyoondolewa madukani kuanzia mwisho wa mwaka 1961 baada ya watoto maelfu kuzaliwa na viungo pungufu, ilionekana mwaka 1994 katika maabara ya Folkman, kwa kazi ya Robert D'Amato, kwamba huzuia mishipa kuota katika jicho la sungura. Na mtoto wake, lenalidomide, alijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani hii, baadhi yao wakapata nafuu isiyo kamili. Interferoni, iliyotumika tangu miaka ya 1980, nayo huzuia mishipa, lakini hufanya na mengine mengi, na hakuna awezaye kusema kwa yakini kwamba aliyepona alipona kwa njaa ya uvimbe wala si kwa kuamshwa kwa walinzi wengine. Matabibu wengi bado huanza na marhamu na mwanga wa urujuanimno, ambavyo havijui habari yoyote ya Boston wala ya Bari.

Na daraja ya maradhi hupimwaje leo, baada ya kingamwili hizi zote? Mgonjwa huvua nguo katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Tabibu hupima kila kivimbe kwa rula, maana kikifika sentimita moja daraja hubadilika. Kisha hutandaza kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake, ambacho ni kadiri ya sehemu moja katika mia ya ngozi yote ya mtu, akayahesabu mabaka kwa viganja, mgongoni, kiunoni, mapajani, hapa viwili, hapa nusu, na muuguzi aliyeketi pembeni akiyaandika.